Barabara ya Kawawa, Picha ya Bagaaya

Barabara ya Kawawa ya Dar es Salaam inaanzia Morocco, inashuka Mkwajuni, inaikata Barabara ya Morogoro pale Magomeni, inapita Kigogo na Ilala, kisha inaelekea upande wa Chang'ombe, malangoni mwa Temeke. Kipande chake cha Kinondoni kinapitwa na mabasi ya mwendokasi tangu alfajiri hadi usiku. Abiria wengi wanamjua mwenye jina: Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, Waziri Mkuu. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa mwigizaji wa filamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya wananchi. Kawawa alikuwa kijana wa idara ya maendeleo ya jamii, mwenye sura inayokubali kamera, akapewa nafasi. Filamu ya Muhogo Mchungu ilimfanya afahamike sura kabla hajafahamika kwa hotuba. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL. Januari 1962, Nyerere alipoacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama, kiti kile akakalia Kawawa. Uigizaji wake ulihesabiwa kuwa sehemu ya utumishi: umemfundisha kijana kusimama mbele ya watu, basi.

Naanza na barabara hii kwa sababu nataka kusimulia habari za mtu mwingine wa Afrika Mashariki aliyetoka mbele ya kamera akaingia serikalini, safari hii mwanamke. Kwake kamera ilihesabiwa vingine kabisa. Jina lake ni Elizabeth Bagaaya wa Toro, mwanasheria, mwanamitindo, mwigizaji, waziri na balozi. Na mji wetu umo katika maisha yake kuliko msomaji anavyoweza kudhani: mtu aliyefuta ufalme wa nyumbani kwao alikuja kuishi Msasani, na mtu aliyemtuma Washington kuwa balozi alisoma chuo kikuu cha Mlimani.

Toro iko magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na mji wake mkuu ni Fort Portal. Ni ufalme uliojitenga na Bunyoro katika karne ya 19. Watoro, kama Wanyoro, wana desturi ya kumpa mtu jina la pili la heshima na mapenzi, empaako, ambalo ndilo la kumwamkia na kumbembeleza. Majina hayo ni machache, na kila mtu ana lake moja. Binti aliyezaliwa mwaka 1936 katika nyumba ya mfalme, Omukama George Rukidi wa Tatu, na mama yake Kezia, aliitwa Elizabeth Bagaaya, na empaako yake ikawa Akiiki. Nyumbani mtu hakuwa na haja ya kusema zaidi ya hapo.

Kuzaliwa binti wa mfalme Toro hakukuwa pambo. Mfalme anapotawazwa, dada yake mmoja hutawazwa pamoja naye kwa cheo cha Batebe. Huyo ndiye anayeweza kumwambia mfalme jambo ambalo wengine hawathubutu kulisema. Bagaaya alilelewa akijua kwamba iko siku kazi hiyo itamfikia, na nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo wa ukaidi wake wa baadaye. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kumshauri mfalme uso kwa uso hatetemeki upesi mbele ya jenerali.

Alisoma Kyebambe, kisha Gayaza, shule ya wasichana ya wamisionari nje kidogo ya Kampala. Baada ya hapo akapelekwa Uingereza, shule ya Sherborne huko Dorset, alikokuwa msichana mweusi peke yake. Ameandika kwamba alijiona yuko kwenye mtihani usio wake peke yake: akishindwa, wangehesabiwa wameshindwa watu weusi wote. Hakushindwa. Mwaka 1959 aliingia chuo cha Girton, Cambridge, miongoni mwa wanawake wachache sana wa Kiafrika waliokuwa wamewahi kufika pale, akahitimu 1962, mwaka ambao Uganda ilipata uhuru wake. Alibaki London kusomea uwakili, na mwaka 1965 akaapishwa, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza.

Desemba ya mwaka huohuo baba yake akafariki. Machi 1966 kaka yake Patrick alitawazwa kuwa Omukama kwa jina la Olimi Kaboyo, na Elizabeth akawa Batebe. Alianza kufanya kazi ya sheria Kampala, mwanamke wa kwanza wa Uganda katika taaluma hiyo. Kwa hesabu ya kawaida, maisha yake yalikwisha kupangika: wakili mjini, mshauri wa mfalme nyumbani.

Hesabu hiyo ilivurugwa na Milton Obote, kiongozi wa Uganda. Mei 1966 wanajeshi wakiongozwa na Idi Amin walilivamia kasri la Mutesa, Kabaka wa Buganda, huko Mengo, naye akakimbilia London, alikofia mwaka 1969. Septemba 1967 katiba mpya ikazifuta falme zote: Buganda, Bunyoro, Ankole na Toro. Kaka yake Elizabeth alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi mwaka mmoja na nusu tu.

Katika kipindi hicho ndipo ulipomfikia mwaliko kutoka kwa Princess Margaret, mdogo wake malkia wa Uingereza. Kulikuwa na onyesho la mavazi la nchi za Jumuiya ya Madola, la hisani, katika jumba la Marlborough London, na alitakiwa aiwakilishe Uganda. Wakili akavua joho akapanda jukwaani. Onyesho la usiku mmoja likawa mlango wa kazi. Wapiga picha wa London walimwona mwanamke mrefu, mwenye shingo ndefu na mwendo wa mtu aliyezoea kutazamwa tangu utotoni, wakamtaka. Hakurudi Kampala.

Kuna watu wanaosimulia kipande hiki kama vile aliiacha sheria kwa tamaa ya anasa. Sikubaliani nao. Angerudi kufanya nini? Serikali ilikwisha kumwona kama mabaki ya kitu ilichokifuta. Kaka yake hakuwa tena mfalme, na yeye hakuwa tena Batebe wa mtu. Uanamitindo ulimpa mambo mawili ambayo Uganda ya Obote haikuweza kumpa: riziki yake mwenyewe, na mahali pa kulitamka jina la Toro kwa sauti. Kila picha iliyochapishwa ilikuwa na maneno hayo chini yake: Elizabeth wa Toro. Ufalme ulikuwa umefutwa katika katiba, lakini ulikuwa unauzwa kwenye vibanda vya magazeti London na New York.

Alivuka kwenda Marekani kwa kutiwa moyo na Jacqueline Kennedy, mjane wa rais aliyeuawa. Marekani ya wakati ule ilikuwa imetoka kumzika Martin Luther King, na watu weusi walikuwa wakidai kuonekana: kwenye televisheni, kwenye matangazo ya biashara, kwenye majalada ya majarida. Madai haya hayakuwa madogo. Jalada la jarida la mitindo ndilo lililokuwa likimwambia msichana kila mwezi uzuri ni upi, na kwa miongo mingi jibu lilikuwa la rangi moja tu. Donyale Luna wa Detroit alikuwa amewekwa kwenye jalada la Vogue ya Uingereza mwaka 1966. Naomi Sims, msichana wa Mississippi, alitokea mbele ya jarida la akina mama wa nyumbani wa Marekani mwaka 1968. Mwaka 1969 Elizabeth wa Toro akawa jaladani mwa Harper's Bazaar. Picha zake zilitoka pia Vogue, Life na Ebony, jarida ambalo Wamarekani weusi walilisoma vinyozini na mezani kwa kina mama. Vogue yenyewe ya Marekani haikumweka mwanamke mweusi kwenye jalada hadi Agosti 1974, Beverly Johnson, na kufikia hapo Bagaaya alikwisha kuwa waziri.

Nikisoma habari zake za miaka hiyo, akili hunirudisha Dar es Salaam. Mwaka 1967 mji huu uliandaa Miss Tanzania wa kwanza, na Theresa Shayo akashinda. Mashindano hayo yakapigwa marufuku, yakaja kurejea mwaka 1994. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969, marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo, kwenye kituo cha mabasi, yakawashusha na kuwachania nguo wale waliodhaniwa wamevaa vibaya. Polisi wakalazimika kuingilia. Barua za wasomaji zilimiminika magazetini, nyingine zikishangilia, nyingine zikiuliza kwa nini ujamaa upimwe kwa rula kuanzia gotini kwenda juu. Wako wanawake walioandika kwa uchungu kwamba wao ni makarani na wapigachapa, wanaolipa kodi ya chumba wenyewe, na kwamba wanaowavua nguo barabarani hawajawahi kuwauliza wanaishije.

Wakati huohuo, skrini kubwa ya Drive-In pale Msasani, iliyofunguliwa 1966, iliendelea kuwaonyesha watu waigizaji wa kike wa Marekani na wa Bombay, familia nzima zikiwa ndani ya gari na wengine wamekaa chini mbele. Mwanamke wa mbali ruksa kutazamwa, wa Kariakoo achaniwe gauni. Mwaka uleule wa 1969 ambao sketi zilipigwa marufuku mjini kwetu, mwanamke wa kutoka ng'ambo ya Ziwa Victoria alikuwa kwenye jalada New York. Lau angeshuka basi pale Kariakoo na mavazi ya kazini kwake, sina shaka angetimuliwa kama wengine. (Uwanja wa Drive-In hatimaye ulijengwa ubalozi wa Marekani, baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998.)

Filamu ilimjia baada ya majarida. Mwongozaji wa Kijerumani Hansjürgen Pohland alikwenda Nigeria kutengeneza filamu iliyounganisha riwaya mbili za Chinua Achebe, zile ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa majina ya Shujaa Okonkwo na Hamkani si Shwari Tena. Mtayarishaji alikuwa Edward Mosk, mwanasheria wa Hollywood, akishirikiana na kampuni ya Mnigeria Francis Oladele. Filamu iliitwa Bullfrog in the Sun, na Elizabeth alikuwa mwigizaji wake mkuu wa kike, pamoja na Johnny Sekka mzaliwa wa Senegali na mzee Orlando Martins, Mnigeria aliyekuwa ameigiza Uingereza tangu kabla ya vita kuu ya pili. Nigeria ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vita vya Biafra. Kwa mwanamke aliyepigwa picha na watu wa London na New York kama kitu adimu kutoka mbali, hapa palikuwa tofauti: hadithi ya Mwafrika, kwenye ardhi ya Afrika, yeye akiwa na maneno ya kusema. Filamu haikupata watazamaji wengi, na haikumfanya nyota.

Januari 25, 1971 Amin aliipindua serikali ya Obote, naye Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akaishia Dar es Salaam. Nyerere hakumtambua Amin. Rais aliyeondolewa akapewa nyumba ya ufukweni Msasani, akakaa mjini petu miaka tisa. Vijana wengine wa Uganda nao walikuwa huku, akiwemo Yoweri Museveni, aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970.

Wakati Obote anafungua masanduku yake Msasani, Bagaaya alikuwa anafunga yake kurudi nyumbani. Hili lisishangaze. Kwa watu wa falme, aliyeanguka ndiye aliyewavunjia nyumba. Amin aliurudisha mwili wa Kabaka Mutesa kutoka Uingereza ukazikwa kwa heshima Kasubi, na Waganda wengi wakalia kwa furaha. Falme zenyewe hakuzirudisha, lakini alijua kutafuta watu watakaoipa serikali yake sura njema. Bagaaya alikubali kuwa balozi wa kuzungukazunguka, kazi ya kutumwa nchi mbalimbali kuieleza Uganda.

Hapa mwandishi wa historia hana budi kusimama kidogo. Alibaki katika utumishi huo mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 waondoke. Alibaki watu walipoanza kutoweka. Haitoshi kumtetea kwa kusema hakuwa na bunduki. Mwanasheria wa Cambridge alikuwa na macho. Mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba aliamini anaitumikia nchi, wala si mtu, na wapo wasomi wengi wa Uganda waliojiambia hivyohivyo hadi siku walipogongewa mlango. Mimi naona alikosea kukaa muda mrefu vile. Lakini napima pia kwamba wanaume waliokaa kuliko yeye, na wakafanya makubwa kuliko yeye, hawaulizwi swali hili kila wanapotajwa.

Februari 1974 Amin alimfukuza Waziri wa Mambo ya Nje, Michael Ondoga, na cheo kile akampa Bagaaya. Wiki chache baadaye mwili wa Ondoga ulikutwa ndani ya mto Nile. Huo ndio uwaziri aliorithi: kiti ambacho aliyekitoka alikuwa maiti. Septemba alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York, mji uleule ambao miaka mitano nyuma alikuwa jaladani.

Alirudi Kampala kupitia Ulaya. Novemba 28, 1974 Amin alitangaza kwamba amemfukuza kazi, na akataja sababu: eti waziri wake alionekana akifanya mapenzi na mzungu asiyejulikana ndani ya choo cha uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Habari ikazunguka dunia kwa siku moja. Picha za mwanamke aliye utupu zikasambazwa, zikidaiwa ni zake. Kisa ambacho watu wa karibu wamekisimulia, na yeye mwenyewe pia, ni kwamba Amin alitaka kumwoa, akakataliwa.

Tazama silaha iliyochaguliwa. Ondoga aliuawa mwili. Bagaaya alitakiwa auawe sura, kwa sababu sura ndiyo iliyokuwa jina lake duniani. Uwongo wa chooni usingeshika kwa waziri mwanamume. Watu wangecheka, wangeendelea na shughuli zao. Kwa mwanamke aliyewahi kuwa mwanamitindo, wengi waliona kama wameshasikia nusu ya hadithi. Uongo ulipanda juu ya kazi yake ya zamani kama mtambaazi kwenye ukuta uliokwisha kujengwa. Amin alikwisha kupiga marufuku vimini mwaka 1972, na mawigi yakafuata. Serikali yake, kama wale vijana wa Kariakoo, ilijua kwamba neno moja kuhusu mavazi ya mwanamke linatosha kumkusanyia umati.

Aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Februari 1975 alitoroka, akavuka mpaka kuingia Kenya, na kwa msaada wa serikali ya Mzee Kenyatta akafika Ulaya. Waliodhani atajificha walisahau ameapa wapi. Aliyashtaki magazeti yaliyochapisha uongo ule na picha zile, moja baada ya jingine, kwa kosa la kumkashifu, na akashinda. Magazeti yalilipa fidia. Ile taaluma aliyodhaniwa kuiacha kwa ajili ya magauni ndiyo iliyomrudishia jina, kwa hati na viapo, katika mahakama za nchi ileile iliyompa joho.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Wenye umri wanakumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwezi Novemba pale ukumbi wa Diamond Jubilee, na mgambo walioandikishwa nchi nzima. Kuna nyumba Temeke na Kinondoni ambazo kijana wake aliondoka na gari la jeshi akiwa hajawahi kuvuka Morogoro, akaiona Kampala kabla hajaiona Mwanza vizuri. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka, na miezi hiyo wanajeshi wa Tanzania walifika hadi Fort Portal, mji wa utoto wa Bagaaya. Kwa hiyo njia yake ya kurudi nyumbani ilifunguliwa na vijana wa huku. Alirudi. Lakini Mei 1980 Obote naye alirudi, kutoka Msasani, na baada ya uchaguzi wa Desemba uliogombaniwa sana, alikuwa rais tena. Bagaaya akafunga masanduku kwa mara nyingine.

Mwaka 1981 aliolewa na Wilberforce Nyabongo, mtu wa nyumba ya kifalme ya kwao, rubani. Mwaka 1983 akatoa kitabu cha maisha yake. Kisha akaigiza tena, safari hii kwa kampuni ya Columbia ya Hollywood, katika filamu ya Sheena iliyotoka 1984. Mwongozaji alikuwa John Guillermin, nyota wake Tanya Roberts, msichana mweupe wa hadithi za katuni anayetawala msitu wa Afrika. Bagaaya alikuwa mganga, mama mlezi wa msichana huyo na mwenye kuzijua siri za kabila lake. Wahakiki waliikataa filamu hiyo vikali, na sioni sababu ya kuitetea: Afrika yake ni ya kubuni, watu wake ni mandhari. Lakini kuna mambo mawili ndani yake ambayo siwezi kuyapita. Ilipigwa Kenya, nchi aliyoingia miaka michache nyuma kwa kutoroka. Na katika hadithi yenyewe mganga anakamatwa na kusingiziwa kumuua mfalme, ili mwanamume mwenye uchu apate madaraka. Bagaaya hakuhitaji kufundishwa na mwongozaji jinsi mwanamke asiye na hatia anavyomtazama anayemsingizia.

Yeye na mumewe walikuwa upande wa Museveni wakati wa vita vya msituni dhidi ya serikali ya Obote. Januari 26, 1986 jeshi la Museveni liliingia Kampala, na mwaka huohuo Bagaaya akateuliwa balozi wa Uganda nchini Marekani. Nchi iliyomjua kwa picha ya jaladani sasa ilimpokea kwa hati ya utambulisho. Kabla mwaka haujaisha, Desemba 1986, mumewe alikufa katika ajali ya ndege Casablanca, Moroko. Alibaki Washington hadi 1988. Baadaye aliiwakilisha Uganda Ujerumani, Vatikani na Nigeria, ile Nigeria ya filamu yake ya kwanza. Balozi asiyependa kamera angeweza kuzifanya kazi hizo, lakini yeye alizifanya akiwa amekwisha kupimwa na kamera kwa kila namna, ya heshima na ya kudhalilisha.

Mwaka 1993 Museveni alizirudisha falme, na kaka yake Patrick akakalia tena kiti alichonyang'anywa miaka 26 nyuma. Hakukaa sana. Agosti 1995 alifariki, akamwacha mtoto wa kiume, Oyo, aliyezaliwa Aprili 1992. Septemba mtoto huyo alitawazwa akiwa na umri wa miaka mitatu, huku shangazi yake akiwa miongoni mwa walezi waliotakiwa kushika mambo ya ufalme hadi akue. Batebe wa mfalme mpya alikuwa dada yake Oyo, naye bado mtoto. Katika nyumba ile sasa Akiiki ndiye aliyekuwa amesimama kwenye utawazo wa 1966 kama Batebe mwenyewe, na aliyekumbuka nani anatakiwa kusimama wapi, na neno gani linatangulia lipi. Watoto hao wawili walikuwa na miaka mingi mbele yao ya kumuuliza.